Bima ya Mbwa: Tangu Bei ya Mnyama Hata Gharama ya Huruma

Bima ni jambo la kale, na asili yake ni hofu ya hasara. Mwenye chombo aliogopa bahari, mwenye nyumba aliogopa moto, na mfugaji aliogopa tauni ya ng'ombe. Wote watatu walihofia mali yao. Bima ya mbwa, ambayo watu wengi wa Ulaya na Marekani huinunua mara mtoto wa mbwa aingiapo nyumbani, ilizaliwa katika hofu hiyo hiyo, lakini ilipokua ikawa kitu kingine. Nia ya insha hii ni kueleza mageuzi hayo, kwa kuwa asiyeyajua aghalabu huchagua hati isiyomfaa, na hasara ya uchaguzi huo humwangukia mnyama asiye na kauli.

Yafaa tuanze na farasi. Chuo cha utabibu wa wanyama kilianzishwa Lyon, Ufaransa, mwaka 1761, wakati ambapo tauni ilikuwa ikiteketeza ng'ombe wa Ulaya. Cha London kikafuata mwaka 1791. Matabibu wa siku zile walishughulika zaidi na farasi na ng'ombe, maana mmoja alivuta plau, magari na mizinga, na wa pili alilisha watu. Bima ilifuata njia ile ile. Hati inayotajwa kuwa ya kwanza ya bima ya wanyama kwa mtindo wa kisasa iliandikwa Uswidi mwaka 1890 na Claes Virgin, na waliokingwa walikuwa farasi na mifugo. Mbwa alingoja hata mwaka 1924, nchini humo humo, ndipo akapata hati yake. Katika bima ya mifugo swali kuu ni moja: mnyama huyu akifa, mwenyewe alipwe kiasi gani?

Swali hilo halikumtosha mwenye mbwa. Mwaka 1917 mwanamke mmoja Mwingereza, Maria Dickin, alifungua zahanati huko Whitechapel, mtaa wa maskini wa London, ili wanyama wa wasio na fedha watibiwe bure. Zahanati yake ilidhihirisha ukweli ambao hesabu za mali haziuoni: kwamba mtu aweza kumpenda mnyama asiye na bei sokoni, na aweza kukosa fedha za kumponya. Uingereza ilipopata bima yake ya kwanza ya mbwa mwaka 1947, gari na trekta vilikuwa vikimwondoa farasi kazini, na matabibu walikuwa wakigeukia mbwa na paka. Kadiri dawa, picha za eksirei na upasuaji vilivyoendelea, maradhi yaliyokuwa yakimalizwa kwa risasi yalianza kutibika. Ndipo swali likageuka: si mbwa ana thamani gani, bali kumponya kutagharimu kiasi gani? Mfanyabiashara hatengenezi chombo kwa fedha zinazozidi bei ya kipya. Mwenye mbwa hufanya hivyo, wala hasemi kwamba amekula hasara.

Marekani ilifuata baadaye. Mwaka 1978 ulizuka ugonjwa wa pavo, ambao kwa muda mfupi ulienea mabara mengi ukiua watoto wa mbwa kwa kutapika na kuhara damu. Mwaka 1980 tabibu Jack Stephens alianzisha kampuni ya bima ya wanyama huko California, na mwaka 1982 ikatoa hati yake ya kwanza kwa mbwa aliyeigiza Lassie katika televisheni. Hati hiyo ilikuwa tangazo zuri la biashara, lakini mbwa wa kawaida hana mshahara wa mwigizaji. Bima yake hulipwa kutoka mfukoni mwa bwana wake.

Sasa tuitazame hati yenyewe. Msingi wake ni hesabu ya vifo na maradhi, kama ile aliyoitunga Edmond Halley mwaka 1693 kwa vifo vya watu wa mji wa Breslau. Huko Uswidi, ambako mbwa walio wengi wana bima, wataalamu walichunguza kumbukumbu za mbwa zaidi ya 350,000 waliokuwa na bima kati ya mwaka 1995 na 2000, wakaona kwamba mbegu kadhaa kubwa, kama Bernese na Irish wolfhound, hufa mapema kuliko nyingine. Kwa hiyo mbegu, umri na makazi ya mbwa ndivyo hupanga ada. Tena kampuni nyingi hazigharimii ugonjwa uliodhihirika kabla ya mkataba. Na goti moja likiwa limeugua zamani, baadhi yake hulikataa na la pili. Hapo ndipo ilipo faida ya kumkatia bima mtoto wa mbwa: bado hana historia ya kumshitaki. Wahenga wamesema akiba haiozi, na wako wanaochagua kuweka fedha zao wenyewe; lakini akiba huhitaji muda, na pavo haingoji.

Hata hivyo bima si dawa ya kila jambo. Tangu mwaka 1999 Uingereza imewaruhusu wasio matabibu kumiliki zahanati za wanyama. Mamlaka ya Ushindani na Masoko ilieleza mwaka 2024 kwamba zahanati zilizo mikononi mwa makampuni makubwa, ambazo mwaka 2013 zilikuwa kama asilimia 10, zilikuwa zimekaribia asilimia 60. Ikaanzisha uchunguzi rasmi wa soko hilo. Gharama ya tiba ikipanda, ada ya bima nayo hupanda. Na sheria bado inasitasita: mbwa ni mali, lakini Sheria ya Utekaji wa Wanyama wa Nyumbani ya mwaka 2024, kwa England na Ireland ya Kaskazini, imefanya kumteka mbwa kuwa kosa la peke yake, mbali na wizi wa kawaida.

Kwa hiyo anayechagua asianze na ada iliyo ndogo. Aulize kwanza kama hati hulipia maradhi ya kudumu mwaka baada ya mwaka, au huyaacha baada ya miezi 12, kwani mbwa mwenye kisukari au nyonga mbovu haponi kwa kalenda ya kampuni. Aulize muda wa kungoja kabla ya kinga kuanza, sehemu ya gharama atakayobeba mwenyewe, na ada itakavyokuwa mbwa atakapozeeka. Hati inayojibu tu swali la farasi, yaani mnyama akifa alipwe nani, itamfaa mwenye kuuza. Mwenye kufuga ana haja ya hati itakayomwezesha, siku tabibu atakapotaja gharama, kuamua kwa kutazama hali ya mgonjwa na si mfuko wake peke yake.