Bahari Yetu, Mtungi wa Nani?

Hapa Mombasa ukisema "fulani amezamia", hakuna anayefikiria samaki. Watu wanafikiria meli. Kuzamia kwetu ni kujificha melini pale bandarini ukatokee Ulaya ama popote Mungu atakapokushusha, na kila mtaa, Tudor ikiwemo, una hadithi ya mjomba aliyezamia akapotelea huko. Ile maana nyingine, ya kushuka chini ya maji na mtungi mgongoni, tumewaachia watalii. Leo nataka tuongee kuhusu hiyo nyingine, manake ina historia ndefu na sisi tumo ndani yake kuliko tunavyodhani.

Kilichonichokoza ni kusoma vile wageni wanaoishi Japani wanavyohangaika kutafuta pa kupiga mbizi kwa bei nafuu. Mtu yuko Tokyo, mshahara wa kawaida, Kijapani anakibabaisha, anapanda treni masaa kadhaa mpaka rasi ya Izu, halafu anaingia baharini kwa miguu yake kutoka ufukweni ili asilipie boti. Nikacheka, halafu nikanyamaza. Huyo ni mgeni kwenye nchi ya watu. Mimi nimekulia kisiwani, maji yako pande zote, na swali langu ni lilelile lake: ntaipata wapi bei ninayoiweza?

Hebu tuseme ukweli kuhusu hiyo bei kwanza. Kozi ya mwanzo ya kupata cheti hapa pwani inahesabiwa kwa mamia ya dola. Si kwamba wenye vituo ni wachoyo tu. Mwamba wetu uko mbali na ufuo, ndani yake kuna maji ya kiunoni, kwa hivyo ukitaka kina cha maana lazima boti, na boti ni mafuta. Mitungi, vidhibiti vya kupumulia, mashine ya kushindilia hewa, vyote vinatoka nje. Na mteja aliyefikiriwa tangu mwanzo ni yule wa hoteli, anayelipa kwa yuro akiwa likizo wiki mbili. Kijana wa Tudor Mwisho hakuwa kwenye hesabu hiyo. (Na tafadhali, tuache kusema "mtungi wa oksijeni". Ndani kuna hewa hii hii unayovuta sasa, imeshindiliwa tu. Oksijeni tupu ukishuka nayo kupita mita sita hivi inaanza kuwa sumu.)

Sasa turudi nyuma. Watu wengi wanadhani kupiga mbizi kulikuja Afrika Mashariki na wazungu. Kile kifaa, sawa. Jacques Cousteau na injinia Émile Gagnan walikitengeneza Ufaransa mwaka 1943. Lakini watu wa pwani hii walikuwa wakishuka baharini kwa pumzi zao wenyewe zamani sana, wakitafuta pweza, kamba, kombe na majongoo bahari. Na kuna wengine walioshuka mbali na kwao, si kwa hiari yao. Hawa ndio sikufundishwa shuleni hata mstari mmoja.

Karne ya 19 lulu za Ghuba ya Uajemi zilikuwa biashara kubwa mno. Bahrain, Kuwait, Qatar, Dubai, Sharjah, kote huko majahazi yalitoka miezi ya joto yakakaa baharini karibu miezi minne. Soko lilikuwa Bombay, Paris, London, New York. Mahitaji yalipopanda wakahitajika watu wa kushuka, na wengi waliotiwa kwenye kazi hiyo walikuwa Waafrika waliouzwa kutoka upande wetu huu wa bahari. Mwanahistoria Matthew Hopper ameandika kitabu kizima kuhusu jambo hili, kimetoka 2015, na anaonyesha kwamba kilichobeba utumwa wa Ghuba kilikuwa hasa mambo mawili: tende na lulu. Yaani vitu ambavyo Marekani na Ulaya walikuwa wananunua wakati huohuo wanajisifu kwamba wamekomesha utumwa.

Fikiria kazi yenyewe. Unabanwa pua kwa kibanio cha mfupa au pembe. Mguu unawekwa kwenye kamba yenye jiwe zito, linakuvuta chini. Shingoni una kikapu. Una dakika moja, pengine zaidi kidogo, ya kung'oa kombe nyingi uwezavyo, halafu unatikisa kamba na mwenzako juu anakuvuta. Unapumua. Unarudi tena. Mara kadhaa wa kadhaa kwa siku, jua la kiangazi la Ghuba juu ya kichwa. Masikio yanaharibika, macho yanaharibika, mapafu yanachoka. Anayeamuru chombo anaitwa nakhoda, neno lilelile letu nahodha. Aliyekuwa mtumwa, ujira wake ulichukuliwa na bwana wake. Aliyekuwa huru alikuwa na deni kwa nahodha, deni la msimu uliopita, na lile la msimu uliotangulia huo.

Mpaka miaka ya 1920 na 1930 walikuwepo waliotoroka wakafika kwenye ofisi za Waingereza kule Ghuba kuomba hati za uhuru, na maelezo yao yaliandikwa. Ndiyo maana tunajua. Wamo waliosema wamezaliwa Zanzibar au Sawahili, wakachukuliwa wakiwa watoto. Sisi huwa tunasema Mswahili na bahari ni ndugu, sawa, lakini hawa bahari waliijua kama shimo la kazi. Kila ninapoona picha za zamani za majahazi ya lulu, zile za kupendeza zinazowekwa kwenye makumbusho ya kule, natafuta nyuso zao. Na zipo, ukitazama vizuri.

Halafu Japani inaingia tena, na hapa ndipo niliposhangaa. Mwaka 1893, mkoani Mie, Mikimoto Kokichi alifaulu kuilazimisha kombe kutengeneza lulu, mwanzo nusu duara. Kufikia miaka ya 1920 lulu za kufugwa zenye duara kamili zikawa sokoni, bei ndogo, na macho ya kawaida hayawezi kuzitofautisha na zile za asili. Kazi ya kushuka kule ilifanywa na wanawake wanaoitwa ama, wazamiaji wa pumzi tupu ambao wamekuwepo Japani kwa karne nyingi. Mdororo wa uchumi wa 1929 ukaongezea, na biashara ya lulu ya Ghuba ikaanguka. Kwa hivyo mwanamke aliyeshuka majini Japani ni sehemu ya sababu iliyofanya mtu wa kwetu aliyetekwa asishushwe tena majini Ghuba. Si kwamba aliokolewa. Wengi walibaki tu bila kazi na bila kwao. Lakini hiyo ndiyo bahari, inaunganisha watu wasiojuana hata kidogo.

Turudi nyumbani, hapa kwenye mlango wa maji unaoingia Bandari ya Kale na kupanda mpaka kwetu Tudor. Chini ya Fort Jesus, kwenye mkondo huohuo, imelala meli ya Wareno, Santo António de Tanná. Ilikuja 1697 kusaidia ngome iliyokuwa imezingirwa na Waomani tangu Machi 1696. Ikazama palepale mwezi wa Oktoba. Ngome yenyewe ilianguka Desemba 1698, baada ya njaa na maradhi kuua watu wengi zaidi kuliko mizinga.

Meli ikakaa huko chini karibu miaka 270. Wavuvi walipita juu yake kila siku. Miaka ya 1960 wazamiaji wa burudani wakaazi wa hapa wakaikuta, halafu kuanzia 1977 mpaka 1980 timu ya Robin Piercy kutoka taasisi ya akiolojia ya baharini ya Marekani, pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, ikaichimba. Ukienda Fort Jesus leo, vyungu na vitu vya mabaharia unavyoviona kwenye makabati vilitoka hapo. Sote tulipelekwa na shule kuviona. Lakini kuna tofauti ya kuona chungu kwenye kioo na kushuka kukitafuta mwenyewe, na waliokuwa na vifaa na muda wa kushuka Jumapili kujifurahisha, Kenya ya miaka ile, hawakuwa watoto wa Mji wa Kale.

Kilichofuata ni utalii, nitapita haraka. Malindi na Watamu zikawa hifadhi za bahari 1968, Mombasa ikafuata 1986, na 2002 meli kuukuu MV Dania ikazamishwa kusudi upande wa kaskazini iwe nyumba ya samaki na kivutio cha wazamiaji. Vijana wetu wakaingia kwa mlango wa nyuma: kubeba mitungi, kuosha vifaa, kuendesha boti, halafu wachache wakafundishwa wakawa waongozaji, na wazuri sana. Na sifa kwa anayestahili: Mkenya Caesar Bita, mwanaakiolojia wa chini ya maji wa Makumbusho ya Taifa, amefanya kazi kwenye mabaki ya meli kule Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Nataka watoto walijue jina hilo kama wanavyojua ya wachezaji mpira.

Mtu ataniambia, kuzamia ni starehe, kuna mambo muhimu zaidi. Basi tuikumbuke tarehe 29 Septemba 2019. Gari lilirudi nyuma likaanguka kutoka kwenye feri pale Likoni, ndani mama na binti yake mdogo. Mji mzima ulisimama. Walitolewa tarehe 11 Oktoba. Gari lilikuwa kwenye kina cha karibu mita 58, mkondo mkali, maji ya tope. Wazamiaji wa jeshi la wanamaji walikuwepo, wakaja na wa binafsi, wengine kutoka Afrika Kusini. Ili ujue ugumu wake: cheti cha kwanza cha burudani kinakuruhusu mita 18, na mwisho kabisa wa burudani ni mita 40. Kwa hivyo siwalaumu walioshuka, ile ilikuwa hatari ya kweli. Ninachouliza ni kwa nini mji wa bandari, mji uliopoteza watu 272 kwenye feri ya Mtongwe Aprili 1994, haujajaa watu wenye ujuzi huu. Wazamiaji wa mita 58 hawashuki kutoka mbinguni. Wanaanza wakiwa na miaka 16 kwenye mita tano, wengi, na wachache wao wanaendelea.

Na hapo bei ndipo inapouma. Ikiwa hatua ya kwanza inagharimu mshahara wa miezi, anayeipanda ni mtalii, na mtalii anarudi kwao.

Kwa sasa, ukitaka kujaribu, njia zipo kidogo. Uliza bei ya mkaazi, usione haya, vituo kadhaa wanayo lakini hawaitangazi. Nenda msimu wa wageni wachache. Usingoje kusi lichafuke kabisa katikati ya mwaka, bahari inakuwa mbovu na huoni kitu, lakini mwanzoni mwa Novemba kaskazi linapokaribia, maji yanaanza kusafika na hoteli bado hazijajaa. Jifunze kuogelea sawasawa kwanza, si kule kurukaruka kwetu. Miwani na mrija vinatosha kwa mwaka mzima, na mwambao wetu ukijaa nusu una mengi ya kuonyesha bila mtungi. Mkiwa kumi mnaweza kwenda pamoja kwa mwenye kituo mkazungumza bei, peke yako hatakusikiliza.

Lakini hizo ni mbinu za mgeni wa Tokyo. Mimi ninachotaka hasa ni kaunti ilipie vijana 20 kila mwaka, wa Tudor, wa Likoni, wa Mji wa Kale, wapate cheti kama wanavyolipiwa wengine kozi za udereva. Kuna uchaguzi 2027. Wakija mtaani na fulana zao, waulizeni hilo kabla hamjazivaa.