Matairi makubwa kwa pikapu zilizoinuliwa: mambo ya kupima kabla ya kulipa

Pikapu zinazoendeshwa kwa magurudumu manne, hususan Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, ni tegemeo la wafanyabiashara wanaopeleka bidhaa mahali ambapo lori halifiki. Barabara ya Nimule hadi Juba, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilishwa kwa lami mwaka 2012, lakini mzigo unaopita Juba kuelekea ndani ya Sudan Kusini hukutana na udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunasa gari lolote. Hali kama hiyo ipo Karamoja nchini Uganda na katika bonde la Rukwa nchini Tanzania.

Kwa sababu hiyo wamiliki wengi huinua gari kwa springi ndefu, kisha hununua matairi makubwa kuliko yale ya kiwandani. Mara nyingi uamuzi huo hufanywa kwa kutazama umbo la gari, wakati gharama yake hulipwa katika kila safari. Yafuatayo ni mambo ya kupima kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Springi haziinui difu

Katika gari lenye ekseli nzima mbele na nyuma, springi ndefu huinua chesisi na bodi tu. Ekseli na difu, ambazo ndizo hugonga mawe na kukwama katika makorongo ya magurudumu, hubaki palepale. Kinachoziinua ni tairi peke yake, tena kwa nusu tu ya ongezeko la kimo chake. Kazi ya springi ndefu ni kutoa nafasi ili tairi kubwa lisisugue madigadi.

Namba za ubavuni mwa tairi hutoa hesabu yote. Katika 265/75R16, upana ni milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 75 ya upana huo, na rimu ni ya inchi 16. Vimo vya saizi zinazotumika zaidi ni takriban hivi:

- 265/75R16: milimita 804
- 235/85R16: milimita 806
- 285/75R16: milimita 834
- 315/75R16: milimita 879

Mwenye 265/75R16 akihamia 285/75R16, difu inapanda milimita 15. Akihamia 315/75R16, inapanda milimita 37 hivi. Hiyo ndiyo faida yote ya kimo anayonunua. Aidha, 235/85R16 ina kimo sawa na 265/75R16 ingawa ni nyembamba. Tairi jembamba hukata matope mepesi na kufika kwenye ardhi ngumu, na halikutani na mawe mengi. Pana hufaa zaidi mahali penye mchanga mwingi au udongo usio na sakafu ngumu chini yake.

Tairi kubwa si lazima libebe zaidi

Kosa la hatari zaidi kwa msafirishaji ni kudhani kwamba tairi kubwa hubeba mzigo mkubwa. Uwezo wa tairi husomwa katika namba ya mzigo. Namba 120 ni kilo 1,400 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450, 123 ni kilo 1,550 na 126 ni kilo 1,700. Zikiandikwa namba mbili, kwa mfano 123/120, ya kwanza ni ya tairi linalokaa peke yake na ya pili ni ya matairi pacha.

Yapo matairi ya 315/75R16 yenye namba 121 tu, wakati yapo ya 265/75R16 yenye namba 123. Mnunuzi wa aina hiyo hulipa zaidi na kupoteza kilo 100 kwa kila tairi. Vilevile, hata tairi lenye namba kubwa haliongezi uzito ambao mtengenezaji wa gari ameruhusu kwa ekseli na chesisi.

Tarehe ya kutengenezwa nayo isomwe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2323 ni wiki ya 23 ya mwaka 2023. Tairi lililokaa dukani miaka mingi huwa limekauka hata kama meno yake hayajaguswa.

Rimu ni gharama inayosahaulika

Kila saizi ya tairi ina upana wa rimu unaokubalika. Kwa kawaida 235/85R16 hukaa kwenye rimu ya inchi 6 hadi 7.5, 265/75R16 kwenye inchi 7 hadi 8, 285/75R16 kwenye inchi 7.5 hadi 9, na 315/75R16 kwenye inchi 8 hadi 10. Hivyo mwenye rimu za inchi 7 anaweza kuchagua kati ya mbili za kwanza bila gharama nyingine. Akitaka 285, anapaswa kununua na rimu pia, na zote ziwe tano, pamoja na ya spea.

Matundu ya nati nayo yapimwe. Land Cruiser za mfululizo wa 70 za kabla ya mabadiliko ya mwaka 1999 kwa kawaida zina nati sita katika duara la milimita 139.7, sawa na Hilux. Zilizofuata zina nati tano katika duara la milimita 150. Rimu zinazosogeza gurudumu nje sana, au spesa zinazowekwa kati ya habu na rimu, huongeza mzigo kwa beringi na kufanya usukani uwe mzito.

Nguvu, breki na kilomita

Tairi refu huifanya kila gia kuwa ndefu. Kutoka 265/75R16 hadi 285/75R16, nguvu ya kuvuta inayofika ardhini hupungua kwa karibu asilimia 3.6. Kwa 315/75R16 hupungua kwa asilimia 8.5, na uwezo wa breki hupungua kwa kiasi hicho hicho. Gari lenye difu ya uwiano wa 4.10 litahitaji karibu 4.48 ili kurudi lilipokuwa, na kazi hiyo lazima ifanyike kwa difu zote mbili, ya mbele na ya nyuma.

Spidomita nayo hudanganya. Kama ilikuwa sahihi kwa matairi ya awali, ikionyesha kilomita 80 kwa saa gari la 285 linakwenda 83, na la 315 linakwenda zaidi ya 87. Dereva aliyebanwa na kikomo cha kilomita 80 atashikwa na kamera akiamini hana kosa. Kwa anayekodisha gari kwa kilomita hasara ni ya wazi: katika kila kilomita 1,000 za kweli, gari la 315 litaandika 915 tu. Mteja amesafirishwa kilomita 85 bure.

Gari lililoinuliwa pia huhamisha uzito juu, na mzigo uliopangwa hadi juu ya kichwa cha gari huongeza hatari ya kupinduka kwenye kona. Baada ya kazi ya gereji, fundi akague urefu wa mipira ya breki, pembe ya propela na mwelekeo wa taa. Matairi yajaribiwe usukani ukiwa umekatwa mwisho pande zote, gari likiwa na mzigo.

Kununua ng'ambo ya mpaka

Wapo wanaofuata bei nafuu katika nchi jirani. Ikumbukwe kuwa msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutolewa kwa bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Tairi lililotengenezwa Asia halipati asili hiyo kwa kununuliwa Nairobi au Kampala, na utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, wenye kikomo cha dola 2,000 za Marekani, nao ni wa bidhaa zenye asili ya Jumuiya. Matairi yanayobebwa kama mzigo yatangazwe forodhani na risiti itunzwe.

Bima isiachwe nyuma. Kadi ya Njano ya COMESA hulinda watu wengine waliopata madhara, si gari la mwenye kadi. Mwenye bima kubwa aiarifu kampuni kwa maandishi kwamba gari limebadilishwa, kabla ajali haijaleta ubishi.

Kwa pikapu ya mizigo, swali la kwanza liwe ni wapi tairi la saizi hiyo litapatikana likipasuka. Saizi ambayo haipo katika miji miwili ya mwisho kabla ya mwisho wa safari ni gharama ya siku kadhaa za gari kusimama na mzigo ukiwa juu yake. Kwa msafirishaji wengi, 265/75R16 au 235/85R16 yenye namba kubwa ya mzigo na meno yanayofaa udongo itafanya kazi ile ile. Milimita 15 za 285/75R16 zinunuliwe pale tu ambapo difu imekuwa ikikwama kweli.