Jinsi ya kuunganisha sehemu za diski kuu bila kupoteza faili

Mtumiaji wa tarakilishi ya nyumbani huko Kathonzweni, Kaunti ya Makueni, huenda siku moja akakumbana na onyo kwamba sehemu C ya diski kuu imejaa, ilhali D ina nafasi tele. Wazo la kwanza ni kuziunganisha. Kazi hiyo yawezekana bila kwenda kwa fundi mjini Wote, lakini ikifanywa kwa pupa huweza kufuta picha za harusi, hesabu za duka na nakala za hatimiliki ya shamba kwa mpigo mmoja.

Sehemu hizo, ambazo mafundi huziita patisheni, aghalabu ni mipaka tu iliyochorwa juu ya diski moja. Desturi ya kugawa diski ni kongwe. Mfumo wa faili wa FAT16, uliotumika enzi za MS-DOS na Windows 95 ya kwanza, haukuruhusu sehemu kuzidi gigabaiti 2, hivyo mwenye diski kubwa hakuwa na hiari. FAT32 iliondoa kizuizi hicho mwaka wa 1996, lakini mazoea yakabaki.

Tangu Windows Vista ya mwaka wa 2007, zana ya Disk Management iliyomo ndani ya Windows huweza kupunguza na kupanua sehemu. Diski huonekana humo kama ukanda mrefu uliokatwa vipande. Sharti C na D ziwe kwenye ukanda mmoja; zikiwa katika diski mbili tofauti, C haiwezi kupanuliwa kwa njia inayoelezwa hapa.

Hapa ndipo wengi hukwama. Hupunguza D wakitarajia nafasi iliyopatikana ihamie C, kisha hushangaa kuona amri ya 'Extend Volume' imefifia. Sababu ni kwamba nafasi hiyo hutokea mwishoni mwa D, nayo C hupanuka tu katika nafasi tupu inayopakana nayo upande wa kulia. Ni kama mkulima aliyenunua ekari moja ng'ambo ya shamba la jirani: hawezi kusogeza kigingi cha mpaka wake, maana jirani angali katikati.

Kwa hivyo lazima D yote iondoke, na kila kilichomo hufutika nayo. Faili zake zinakiliwe kwanza kwenye diski ya nje, kisha diski hiyo ichomekwe katika tarakilishi nyingine na faili kadhaa zifunguliwe; kuona majina yake tu hakutoshi. Baada ya hapo, D hufutwa kwa 'Delete Volume', na C kupanuliwa kwa 'Extend Volume'. Katika mashine za zamani, nafasi iliyoachwa huenda ikabaki na rangi ya kijani, ishara kwamba ingali ndani ya sehemu kubwa zaidi. Hapo ifutwe mara ya pili. Programu zilizokuwa zimesakinishwa kwenye D zitahitaji kusakinishwa upya.

Asiyetaka kuifuta D anaweza kutumia GParted, programu ya bure inayoendeshwa kutoka kwenye flashi, ambayo husogeza hata mwanzo wa sehemu. Windows izimwe kikamilifu kwanza, na ulinzi wa BitLocker, ikiwa upo, uondolewe. Nakala ya faili bado ni ya lazima. Kusogeza data huweza kuchukua saa kadhaa, na umeme ukipotea katikati, faili za D zaweza kuharibika zote. Kipakatalishi chenye betri nzima kikiwa kimechomekwa ukutani kina nafuu. Tarakilishi ya mezani yahitaji UPS itakayodumu muda huo wote. Si kazi ya kuanzwa wingu la mvua ya Novemba likitanda.

Hata hivyo, mara nyingi mipaka haina haja ya kuguswa. Folda za nyaraka, picha na video ndizo hujaza C, nazo huhamishika: mtumiaji hubofya folda kwa kitufe cha kulia cha kipanya, huchagua 'Properties', kisha 'Location', na kuielekeza kwenye folda mpya ndani ya D. Windows huzihamisha faili yenyewe, na C hupata nafasi bila sehemu yoyote kufutwa.