Nembo za sare za jeshi la Italia katika Afrika ya Mashariki

Nembo za sare za jeshi la Italia ni alama za kitambaa, uzi au metali zilizovaliwa kwenye kola, kofia na mikono ya sare ili kuonyesha kikosi na cheo cha askari. Wakusanyaji wa vitu vya kale hutafuta hasa zile za wakati wa Ufalme wa Italia, uliokwisha mwaka 1946. Katika Afrika ya Mashariki nembo hizo zinahusiana zaidi na miaka 1935-1941, Italia ilipoivamia Ethiopia na kuiunganisha na Eritrea na Somalia kuwa koloni moja.

Jinsi zilivyoenea

Italia iliingia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia tarehe 10 Juni 1940. Vikosi vya King's African Rifles, vikiwemo vya Watanganyika, vilipigana nayo Somalia na Ethiopia hadi ngome yake ya mwisho, Gondar, ilipoanguka Novemba 1941. Maelfu ya wafungwa wa Kiitalia waliletwa Kenya, katika kambi kama zile za Nanyuki na Londiani. Kanisa dogo la Mai Mahiu lilijengwa nao mwaka 1942. Kwa hiyo nembo inaweza kukutwa mbali na uwanja wa vita, ikiwa kumbukumbu ya askari aliyerudi nyumbani au kitu alichouza mfungwa.

Nyota, taji na fimbo

Alama inayojulikana zaidi ni nyota ndogo ya ncha tano (stelletta), inayovaliwa kwenye kola tangu mwaka 1871. Jeshi la Italia linaivaa hata leo, hivyo nyota peke yake haithibitishi umri. Taji la kifalme juu ya nembo ya kofia ndilo linalosaidia zaidi, kwa sababu liliondolewa baada ya wananchi kuchagua jamhuri mwaka 1946.

Wanamgambo wa chama cha Kifashisti, waliojulikana kama Mashati Meusi, hawakuvaa nyota bali fungu dogo la fimbo lenye shoka (fascio). Baada ya Septemba 1943 Wafashisti wa kaskazini mwa Italia waliweka upanga mfupi wa Kirumi mahali pa nyota. Muuzaji akidai kwamba upanga huo ulitoka kwa askari aliyetekwa Ethiopia mwaka 1941, hadithi yake haisimami.

Rangi za kola zilitofautisha vikosi. Wanajeshi wa milimani (Alpini) walivaa kijani yenye ncha mbili, Bersaglieri nyekundu iliyoiva yenye umbo hilohilo, na wapiga mizinga nyeusi yenye ukingo wa njano. Kwenye kofia, mizinga iliyopishana ni ya wapiga mizinga, na bunduki zilizopishana chini ya taji ni za askari wa miguu.

Askari wa Kiafrika

Wengi wa wanajeshi wa Italia katika koloni hilo walikuwa Waafrika, lakini vitabu vya wakusanyaji huwapa kurasa chache. Waitalia waliwaita ascari, neno lenye asili moja ya Kiarabu na "askari" la Kiswahili. Vyeo vyao vilikuwa muntaz, buluk-bashi na shumbashi, vikionyeshwa kwa tepe za umbo la V mikononi. Msomaji wa Tanzania atakumbuka ombasha na shaushi wa jeshi la Wajerumani: majina hayo yote yanatokana na desturi ya jeshi la Waturuki.

Batalioni ilitambulika kwa rangi ya mshipi wa kitambaa kiunoni na ya kishada cha tarbushi. Batalioni ya nne ya Eritrea ilivaa mshipi mweusi kumwomboleza Meja Toselli, aliyeuawa Amba Alagi mwaka 1895. Dubat wa Somalia walivaa kilemba cheupe. Mshipi ambao rangi yake imepauka unaweza kumpoteza mkusanyaji. Rangi ya asili hutafutwa ndani ya mikunjo.

Halisi na bandia

Nembo nyingi zinazouzwa sasa zilitengenezwa kwa ajili ya filamu na maigizo ya vita. Nembo halisi ya kushonwa hukaguliwa nyuma kwanza: nyuzi huwa zimezeeka sawasawa na kitambaa, na matundu ya sindano hulingana na mshono. Uzi wa kisasa mara nyingi hung'aa chini ya taa ya urujuanimno. Kipimo hiki kina udhaifu, maana nguo ya zamani iliyofuliwa kwa sabuni ya siku hizi nayo hung'aa. Chapa ya mtengenezaji, kama Lorioli au Johnson wa Milano, ni dalili nzuri, ingawa nayo huigwa.

Nembo za metali ya njano kwa kawaida ni shaba, pengine iliyopakwa dhahabu juu tu. Katika sehemu za machimbo kama Nyarugusu, mkoani Geita, ambako watu wamezoea kupima dhahabu kwa tindikali, ni vizuri kujua kwamba tindikali hiyo hula shaba na kuacha doa lisilofutika. Kusugua ili ing'ae pia huondoa ule weusi wa uzee ambao ni sehemu ya ushahidi. Inatosha kuipima uzito, kuipiga picha pande zote mbili, na kuandika ilipatikana wapi na kwa nani.