Macho ya binti, macho ya bibi

Kuna kipindi niliishi Mkolani, ukishapita Nyegezi kama unaenda Buhongwa, kwa mama mkubwa, pamoja na binti yake na bibi yetu. Binti alipoanza kutokwa macho, mtaa mzima ulijua ndani ya wiki mbili. Makonda walimkodolea, majirani wakasema karogwa. Mwishowe akapelekwa hospitali, ikaonekana kwamba tezi ya shingo, ile iitwayo thairoidi, inafanya kazi kupita kiasi. Mwaka uliofuata bibi akaanza kuona bodaboda mbili pale ilipo moja. Alikuwa amekonda, amepoa, lakini macho hayakumtoka. Tukasema uzee. Zahanati tuliyompeleka nayo ikasema uzee, ikamshauri atafute miwani.

Kumbe ugonjwa ni ule ule. Na kwa nini ulionekana haraka kwa binti ukajificha kwa bibi, hapo kuna historia ya karibu miaka 200.

Mwaka 1835, huko Dublin, daktari Robert Graves aliandika kuhusu wanawake waliovimba tezi huku mioyo yao ikienda mbio. Aliyebaki vichwani mwa watu ni mwanamke wa miaka 20. Mwanzoni walidhani ana histeria (hilo nalo lina historia yake ndefu!), kisha macho yakamtoka hadi akawa hawezi kuyafumba hata usingizini. Mwaka 1840 Karl von Basedow, daktari wa mji wa Merseburg nchini Ujerumani, akaziunganisha dalili tatu: goita, moyo kwenda mbio, macho kutoka. Wajerumani mpaka leo wanauita ugonjwa wa Basedow. Sisi tuliorithi vitabu vya Waingereza tunasema Graves. Kwa vyovyote vile, picha iliyoingia kwenye vitabu ikawa ile ya mwanamke kijana mwenye macho makubwa.

Mwaka 1931, Frank Lahey wa Boston alieleza wagonjwa wasiofanana na picha hiyo. Walikuwa watu wazima, wamechoka, wametulia mno, macho yako kawaida, kumbe tezi inawamaliza ndani kwa ndani. Nikimsoma Lahey namwona bibi yangu.

Tezi na jicho vinakutana wapi? Mwaka 1956 Duncan Adams na Herbert Purves, wakifanya majaribio kwa simbilisi huko Dunedin, New Zealand, walikuta kitu kwenye damu ya wagonjwa kinachoichochea tezi kwa muda mrefu kuliko homoni ya kawaida. Baadaye ikajulikana kuwa ni kingamwili, askari wa mwili aliyegeuka kupiga wenyeji. Askari hao hushambulia pia nyama laini zilizo nyuma ya jicho.

Sasa fikiria tundu la jicho kama kisanduku cha mfupa kilicho wazi mbele tu. Picha za CT zilipoanza kutumika miaka ya 1970, madaktari waliweza kuona kilichojazana humo. Kwa vijana, mara nyingi kinachoongezeka ni mafuta, na jicho linasukumwa mbele. Kwa wazee, mara nyingi misuli inayozungusha jicho ndiyo inayovimba na kukakamaa, kwa hiyo macho mawili hayatazami tena pamoja, na mtu anaona vitu viwili viwili. Ubaya zaidi uko kule nyuma, penye mlango mwembamba wa neva ya kuonea. Misuli ikivimba pale, neva inabanwa. Jicho linalotoka angalau linapunguza msongamano, lisilotoka linaubakiza ndani. Ndiyo maana jicho la kutisha si lazima liwe ndilo lililo hatarini kupofuka. Hii si sheria ya kila mgonjwa, lakini inatokea sana. Sigara inazidisha hali kwa wote.

Huku kwetu kuna jambo jingine linalochanganya. Wazee wengi wa Maziwa Makuu walikulia kwenye upungufu wa madini joto, wakapata goita zenye mabonge. Chumvi yenye madini joto iliposambaa miaka ya 1990, Kivu na Zimbabwe baadhi yao tezi zao ziliruka hadi kufanya kazi kupita kiasi. Aina hiyo kwa kawaida haigusi macho. (Usiache chumvi hiyo, imewakinga watoto wengi na madhara ya ubongo.) Basi mzee mwenye goita ya siku nyingi akisema haoni vizuri, ni rahisi mtu kudhani goita na macho havihusiani.

Kilichomwokoa bibi ni kanga. Siku moja alifumba jicho la kushoto, akalalamika kwamba kanga yake nyekundu imepauka. Akafumba la kulia, nyekundu ikarudi. Rangi kufifia upande mmoja ni dalili kwamba neva inabanwa. Hospitali wakampa dawa za steroidi kwa dripu wiki kadhaa. Jicho la kulia lilirudi kiasi, si lote. Bodaboda bado anaziona mbili akitazama juu, kwa hiyo akivuka barabara ya Shinyanga anamshika binti mkono.