Mswaki: Neno Moja, Zana Mbili

Neno mswaki lina asili ya Kiarabu, na kwa Waswahili lilitaja kijiti kabla ya kutaja brashi. Mti wenyewe, Salvadora persica, nao huitwa mswaki; ncha ya kijiti chake ikitafunwa hufumuka nyuzi. Brashi ilipita njia nyingine. Uingereza, takribani mwaka 1780, William Addis alianza kuiunda kwa mfupa na manyoya ya wanyama. Mwaka 1938 nailoni ya DuPont ya Marekani ikachukua nafasi ya manyoya, lakini ilikuwa ngumu, ikiumiza fizi. Iliyo laini ilifuata miaka ya 1950.

Historia hiyo yatufunza kwamba ugumu si usafi. Wengi wetu tungali twaagiza dukani mswaki mgumu, kumbe hukwangua fizi na kuacha mizizi ya meno wazi. Tuchague wenye nyuzi laini na kichwa kidogo kifikacho magego ya nyuma, tuubadilishe kila miezi 3 au 4. Na anayetumia kijiti asidharauliwe: Shirika la Afya Duniani lilikihimiza mwaka 1987. Kilichorithiwa si lazima kiwe duni.