Asili na Ukumbusho: Rangi na Chujio la Hewa katika Magari ya Kale ya Lubumbashi

Fundi anayetaka kuijua rangi ya kwanza ya gari la kale huanza kutafuta mahali ambapo mikono ya wapakaji wa baadaye haikufika: nyuma ya dashibodi, chini ya mpira wa kioo, chini ya kibao cha namba ya chasisi. Asiporidhika, huchukua msasa laini uliolowa maji akasugua mviringo mdogo mpaka bati lionekane, na tabaka za rangi hujitokeza moja nje ya nyingine mithili ya miaka katika kisiki cha mti. Tabaka ya ndani kabisa huitwa rangi ya asili. Zilizobaki huhesabiwa kuwa uchafu wa kuondolewa.

Makala haya yanahoji hesabu hiyo kwa kulitazama gari la kale mahali pamoja, yaani Lubumbashi. Hoja yenyewe ni kwamba neno "asili", linapotumiwa kwa maana ya hali ya kiwandani, hulirudisha gari katika miaka ambayo kwa kawaida halikuwa mali ya mtu wa mji ule. Na kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kina neno jingine linalofaa zaidi.

Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, mwaka ule ule mji ulipoanzishwa. Tangu 1931 njia ya Benguela iliiunganisha Katanga na bandari ya Lobito, na bidhaa za Ulaya, magari yakiwamo, zikawa na safari fupi zaidi. Magari ya Kimarekani nayo yalikuwa yakiunganishwa Antwerp, ambako Ford ilianza kazi mwaka 1922 na General Motors mwaka 1925. Waliokuwa wakiyaendesha kama mali yao walikuwa hasa Wazungu wa makampuni, wa serikali na wa misheni. Mfanyakazi wa Union Minière aliyejiwekea akiba alinunua baiskeli.

Baada ya uhuru, gari lilianza kubadilisha mikono, na mara nyingi kubadilisha mikono kulifuatana na kubadilisha rangi. Kujitenga kwa Katanga, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, kuliujaza mji magari ya kila jeshi, pamoja na magari meupe ya Umoja wa Mataifa. Mwaka 1966 mji ulipewa jina la Lubumbashi. Mwanzoni mwa 1967 mali za Union Minière zilitaifishwa, na tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yatatwaliwa na Wazaire. Kisha mambo mawili yakakutana: bei ya shaba ilianguka tangu 1974, na vita vya Angola vikaifunga njia ya Benguela mwaka 1975. Vipuri viliadimika. Kutoka hapo historia ya gari la Lubumbashi ni historia ya fundi kuliko ya kiwanda. Gécamines, iliyotoa takriban tani 476,000 za shaba mwaka 1986, ilikuwa imeshuka chini ya tani 50,000 kufikia 1994, na mshahara ulioweza kununua kipuri kipya ulikuwa umetoweka pamoja nazo.

Kuhusu rangi, kemia yenyewe inasimulia. Rangi za nitroselulosi, zilizoenea katikati ya miaka ya 1920, hukauka kwa hewa tu, na huweza kutengenezwa upya penye kivuli na kompresa. Lakini magari mengi ya baadaye yalipakwa rangi za kuokwa katika tanuri la kiwanda, na tanuri hilo fundi wa mtaani hana. Alilazimika kupaka rangi ya aina nyingine juu yake, na akikosea tina, tabaka ya zamani hukunjamana na kuinuka kama ngozi iliyoungua. Kwa hiyo kila tabaka ya juu ni ushahidi wa kilichopatikana sokoni mwaka ule na wa ujuzi wa aliyekitumia. Hata ile rangi iliyofichika nyuma ya dashibodi haisemi kweli yote: rangi zenye mafuta hugeuka manjano zikikaa gizani, ilhali zile za nje hufifishwa na jua. (Iongezwe hapa kwamba rangi nyingi za zamani, hasa za manjano na za kijani, zilitiwa risasi, anayezikwangua zikiwa kavu bila kufunika pua hujidhuru, tena katika mji ambao udongo wake tayari umebeba madini mengi.)

Chujio la hewa linaeleza jambo hilo kwa ukali zaidi. Ford Model T haikuwa na chujio lolote. Anayedai kuirudisha hali ya asili na kuiendesha Katanga wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limesimama barabarani tangu Mei hadi Septemba, ataila injini yake kwa jina la usahihi. Chembe za mchanga ulio katika vumbi hilo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Zikichanganyika na oili huwa kama msasa kati ya ringi za pistoni na ukuta wa silinda, na gari huanza kutoa moshi wa buluu.

Magari yaliyofuata, kama Land Rover za mwanzo na Volkswagen ya "kobe" hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, yalikuwa na chujio la bakuli la oili. Hewa huingia kwa kasi, hulazimika kugeuka ghafla juu ya oili, na vumbi lisiloweza kugeuka nayo huzama na kuwa tope; kinachosalia hunaswa na nyavu za waya zilizoloa. Chombo hicho hakihitaji duka. Humwagwa tope, huoshwa kwa mafuta ya taa, hutiwa oili hadi alama, hurudishwa. Chujio la karatasi lililokuja baadaye husafisha hewa vizuri zaidi likiwa jipya, lakini likiziba hutupwa. Pasipokuwa na la kubadilisha, hupulizwa kwa kompresa mpaka karatasi inachanika, na hapo injini inavuta vumbi bila mwenyewe kujua. Basi fundi anayeliondoa chujio la karatasi katika gari la mwaka 1975 na kulifungia bakuli la gari la zamani zaidi hufanya kosa kwa kipimo cha kiwanda. Kwa kipimo cha barabara ya Likasi amefanya jambo la busara, na bakuli lile ni hati ya mwaka ambao vipuri havikuwapo.

Wanafunzi wa Kiswahili wanalifahamu tatizo hili katika sura nyingine. Mwaka 1965 André Yav aliandika, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, historia ya Elisabethville katika Kiswahili cha mji huo. Maneno yake yameunganishwa na kutenganishwa bila kanuni, na alama za kituo hazifuati utaratibu. Johannes Fabian alipoichapisha mwaka 1990 hakuisanifisha. Aliacha maandishi yalivyo, akaweka kando yake matini iliyosomwa upya kwa sauti na Kalundi Mango, msemaji wa lugha hiyo. Mhariri ambaye angeyanyoosha maandishi ya Yav yafanane na Kiswahili cha Unguja angepata matini safi, na angekuwa amewafuta watumishi walioiandika. Fundi anayekwangua tabaka zote hadi rangi ya mwaka 1955 anafanya uhariri wa namna hiyo.

Neno mbadala ni "ukumbusho". Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, katika utafiti wao wa mwaka 1976 kuhusu michoro iliyotundikwa katika sebule za Shaba, walionyesha kwamba wenyeji waliithamini michoro hiyo kwa ukumbusho: uwezo wake wa kuamsha masimulizi. Tshibumba Kanda-Matulu na wenzake walichora tukio lile lile mara nyingi kwa wanunuzi mbalimbali, na hakuna aliyeuliza mchoro upi ni wa kwanza. Mradi wa "Mémoires de Lubumbashi" wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi nao ulikusanya vitu vya nyumbani pamoja na maneno ya wenye vitu, na kitabu chake cha 2001 kimebeba neno hilo hilo katika jina lake.

Wapo watakaopinga kwamba rangi ya kiwandani nayo ni ukumbusho, na pingamizi hilo lina uzito. Mzee aliyelitazama gari jeusi la bwana likipita anaweza kulihitaji jeusi lile ili asimulie. Hati ya Turin ya shirikisho la kimataifa la magari ya kale, iliyopitishwa mwaka 2012, inakubali kwamba mabadiliko yaliyofanywa gari likiwa bado kazini ni sehemu ya historia yake, bila kumkataza mtu kutengeneza. Kwa fundi wa Lubumbashi hilo lina maana ya vitendo: kabla ya kukwangua, apige picha za mviringo wa tabaka, aache kipande cha rangi zote ndani ya kifuniko cha buti, asilitupe bakuli la oili analolibadilisha, na amwandike jina fundi aliyelifunga, kama kuna anayelikumbuka.